Somo: Kuomba Nafasi katika Programu za Uongozi kwa Vijana, kwa Sisi wa Lamu

Somo hili ni kwa vijana wa Lamu, visiwani na bara, ambao tayari wameshika jambo fulani la jamii yao na wanataka kuomba nafasi katika zile programu za kukuza viongozi ambazo wengi wetu huziita feloshipu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia vijana kujaza fomu hizi, na kabla ya hapo nilizijaza mwenyewe. Kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu pale ninapoona watu wakikwama, na nitapita haraka pale ambapo fomu yenyewe inajieleza.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu tunachokiomba. Feloshipu si ufadhili wa masomo. Haikupi digrii, na mara nyingi haikupi mtaji. Humchukua mtu ambaye kazi yake imeshaanza, ikamkutanisha na wenzake kutoka mahali pengine, ikampa mafunzo na mlezi kwa wiki kadhaa au hata mwaka mzima, kisha ikamrudisha kwenye kazi ile ile. Mandela Washington Fellowship, kwa mfano, ilianza mwaka 2014 chini ya YALI, mpango wa Marekani wa kukuza viongozi vijana wa Afrika ambao Rais Barack Obama aliuzindua mwaka 2010; ilibuniwa kwa Waafrika wa miaka 25 hadi 35, wakae katika vyuo vikuu vya Marekani kwa muda wa wiki sita hivi. Kituo cha YALI cha Afrika Mashariki kiliwekwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, kikawalenga walio na miaka 18 hadi 35. Ashoka, shirika lililoanzishwa na Bill Drayton mwaka 1980, lenyewe huangalia zaidi upya wa wazo na uwezo wa wazo hilo kuigwa kwingine. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka unaoomba, si lile ambalo rafiki yako alilihifadhi kwenye simu.

Hatua ya kwanza: lipe tatizo lako mipaka

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi ya kwetu yanapoanguka. Watu husema vijana wetu wanaangushwa na Kiingereza. Mimi siamini hivyo. Fomu yangu ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza kizuri, nikasema nataka kuondoa umaskini katika Kaunti ya Lamu, na sikuitwa hata kwenye usaili. Sentensi ile ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, kuhusu kaunti yoyote, bila kuinuka kitini.

Linganisha na binti mmoja niliyemsaidia, anayetoka katika kijiji cha kisiwa cha Pate ambacho mashua hufika maji yakijaa tu. Aliona kwamba baadhi ya akina mama wajawazito walikuwa wakikosa kliniki upande wa pili wa maji, na wauguzi walikuwa wakiwalaumu kwa uzembe. Akachukua daftari, akakaa bandarini kila siku ya kliniki, akaandika nani amevuka, nani ameshindwa, na maji yalikuwaje saa hiyo. Kliniki ilikuwa Jumatano. Lakini maji hayafuati siku za wiki, yanafuata mwezi: kila siku hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi, na baada ya siku saba tofauti hiyo hufika karibu saa sita, kiasi kwamba ikiwa Jumatano hii asubuhi maji yamejaa, Jumatano ijayo wakati uo huo yamekupwa na mashua imelala matopeni. Mama aliyeandikiwa tarehe katika Jumatano mbaya, akaambiwa arudi baada ya wiki nne, huangukia tena maji yale yale, kwa sababu wiki nne ni karibu mzunguko mzima wa mwezi. Akina mama wale hawakuwa wazembe. Kadi zao zilikuwa zimeandikwa bila kuuliza bahari.

Hilo ni tatizo lenye mipaka. Lina mahali, lina siku, lina watu wanaohesabika, lina sababu inayoonekana, na manahodha wote waliijua sababu hiyo ingawa hakuna aliyewahi kuipeleka kwa mwenye kalamu. Hata mambo makubwa ya kaunti yetu yamesogezwa kwa njia hii. Mwezi Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipofuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa huku Lamu, mojawapo ya hoja zilizobeba uamuzi ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hoja hiyo iliweza kuthibitishwa kwa karatasi na mashahidi, na ndiyo maana ilisimama.

Kwa hiyo, kabla hujafungua fomu yoyote, jaribu kulieleza tatizo lako kwa sentensi mbili mbele ya mtu linayemgusa. Akikurekebisha, shukuru na uandike upya. Akikuitikia tu kwa adabu, bado hujalifikia.

Hatua ya pili: anza kazi kabla ya kuomba

Wasaili huuliza umefanya nini kabla hawajauliza utafanya nini. Binti yule hakungoja mfadhili. Alinakili jedwali la kupwa na kujaa kwa miezi mitatu, akalitia alama za siku ambazo maji yanaruhusu kuvuka asubuhi, akampelekea mkunga msaidizi wa kliniki, na wakakubaliana kwamba akina mama wa kijiji kile waandikiwe tarehe kwa kufuata jedwali. Gharama yake ilikuwa karatasi na gundi. Daftari likaendelea kuandikwa vile vile, ili baada ya miezi mitatu aweze kusema wangapi walikosa kabla na wangapi walikosa baadaye. Usiandike katika fomu kwamba umesaidia watu wengi. Andika wangapi kati ya wangapi, na kwa muda gani, hata kama idadi ni ndogo. Idadi ndogo ya kweli haina aibu.

Hatua ya tatu: chagua programu inayolingana na kazi yako

Angalia umri, uraia, lugha, na muda utakaokuwa mbali na kazi. Omba mbili au tatu kwa mwaka, zisizidi. Anayeomba kumi hunakili insha moja mara kumi, na msomaji huliona hilo kwa urahisi.

Hatua ya nne: andika

Nashauri insha iandikwe kwanza kwa Kiswahili, kama unavyomweleza mjomba wako barazani, ndipo uipeleke kwenye Kiingereza ikiwa fomu inadai hivyo. Anayeanza na Kiingereza mara nyingi huanza na maneno makubwa aliyoyasikia semina, na kazi yake hupotea chini yake.

Kuna jambo jingine linalotupata sisi hasa. Tumelelewa kwamba mtu hajisifu, na kwa hiyo kila kitu tunaandika kwa "sisi": tuliona, tulifanya, tulifanikiwa. Malezi hayo nayaheshimu kabisa. Lakini msomaji wa fomu anamtafuta mtu mmoja, na akimaliza insha bila kujua wewe ulifanya nini, hana la kuandika mbele ya jina lako. Tenganisha kwa uaminifu: "Mimi niliandika daftari na kuzungumza na mkunga, manahodha wawili walinisaidia kusahihisha jedwali." Hapo hujajisifu, umetoa ushahidi, na wenzako umewataja.

Hatua ya tano: watu wa kukupendekeza

Usimkimbilie mheshimiwa. Barua ya mtu mkubwa asiyekujua huwa na sifa tupu zinazoweza kumfaa yeyote. Mkunga aliyekuona ukija kila Jumatano kwa miezi mitatu ana mambo ya kusimulia. Mpe wiki nne kamili, mkumbushe kwa upole, na ikiwa hana barua pepe, mfungulie na umfundishe kuitumia ili barua aitume yeye kwa mkono wake.

Hatua ya sita: karatasi

Hakikisha jina lako linafanana herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vya shule. Programu ya nje ya nchi itahitaji pasipoti, ambayo huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Ukilazimika kwenda Mombasa kwa ajili yake, hiyo ni safari ya siku nzima ya basi kupitia Garsen na Malindi. Ianze mapema, usingoje kuchaguliwa.

Hatua ya saba: kutuma na kusailiwa

Tuma siku tatu kabla ya mwisho, kwa sababu mtandao wetu na umeme wetu tunaujua. Ukiona muda wa mwisho umeandikwa kwa saa za Washington, kumbuka ziko nyuma ya zetu kwa saa saba au nane kutegemea majira ya mwaka.

Kuhusu usaili, nina kisa kinachoniuma hadi leo. Kijana mmoja niliyemwandaa vizuri sana aliandikiwa kwamba angepigiwa simu saa 3:00 mchana kwa saa za Nairobi. Ujumbe aliupokea kaka yake, akamwambia kwa mdomo, "Ni saa tatu." Kijana akavaa, akakaa mbele ya simu tangu saa tatu asubuhi, akangoja hadi adhuhuri, akakata tamaa akaenda baharini. Simu ililia saa tisa alasiri nyumbani kukiwa hakuna mtu. Isomeni barua ya usaili wenyewe, na saa muiandike kwa njia zote mbili.

Mwisho wa hatua, onyo fupi: yeyote anayekuomba ada ya fomu au "ya kuharakisha" kwa M-Pesa, mkatie. Programu nilizozitaja hapa hazitozi ada ya kuomba.

Maswali niliyoulizwa

Kutoka Kizingitini: Asalam aleykum mwalimu. Mimi nilimaliza kidato cha nne, sina digrii, ni mzamiaji wa kambakoche. Je, nijisumbue?

Waaleykum salam, ndugu yangu. Jisumbue. Soma masharti neno kwa neno. Pale ambapo digrii haikutajwa, haitakiwi, na usijiongezee sharti ambalo mwenye programu hakuliweka. Wewe unaona chini ya maji kile ambacho wengine wanakisoma ripotini. Kama una jambo kuhusu uchache wa kambakoche, au bei wanayopewa wazamiaji, anza daftari leo: tarehe, eneo, kilo, bei.

Kutoka Shela, mzazi: Mwalimu, binti yangu anataka kuomba programu ya wiki sita Marekani. Sisi ni watu wa dini na hajawahi kulala nje ya nyumba ya jamaa. Utanishauri nini?

Mzee wangu, shikamoo. Wasiwasi wako ni wa haki, na sitaki uuzime kwa maneno yangu. Mwambie binti awaandikie waandaaji mapema awaulize makazi ya wanawake yakoje, chakula cha halali kitapatikanaje, na nafasi ya kuswali. Ni maswali ya kawaida, na majibu myasome pamoja. Mtafuteni pia mama au dada wa pwani aliyewahi kwenda, azungumze na mama yake binti, si na binti peke yake. Na ikiwa baada ya hayo moyo wako haujatulia, zipo programu za Nairobi anazoweza kuanza nazo akifikia kwa jamaa. Uamuzi ni wenu. Ninachoomba ni kwamba usifanywe kabla ya majibu kufika.

Kutoka Malindi: Sisi ni kikundi cha watu watano tunaowasaidia vijana wanaoacha dawa za kulevya. Tunaweza kuomba pamoja?

Kwa kawaida hapana, nafasi hutolewa kwa mtu mmoja. Kaeni mchague mmoja kwa kazi anayoifanya, si kwa kuwa yeye ndiye anayejua Kiingereza, na muandike kabisa atakachowaletea akirudi. Nimeona vikundi vikivunjika kwa kuliacha hili bila kusemwa. Jambo la pili: msitumie picha wala majina ya vijana mnaowasaidia katika fomu. Siri zao si mali ya maombi yenu.

Kutoka Faza: Kitambulisho changu kimeandikwa Mohamed, cheti cha kuzaliwa Muhammad. Ni tatizo?

Ni tatizo dogo likishughulikiwa mapema, na kubwa likigunduliwa mwishoni. Pata hati ya kiapo kwa wakili inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na uanze pia taratibu za kurekebisha karatasi yenyewe.

Kutoka Mokowe: Nina miaka 36. Nimepitwa?

Katiba ya Kenya humhesabu kijana kuwa aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35, na programu nyingi za vijana hukomea hapo. Zipo zinazovuka: ile ya Obama Foundation kwa viongozi wa Afrika imekuwa ikipokea watu wa miaka 24 hadi 45.

Kutoka Matondoni: Mwalimu, yule binti wa jedwali la maji alichaguliwa?

Mwaka wa kwanza hakuchaguliwa. Aliitwa kwenye usaili, akaulizwa kazi itaendeleaje yeye akiondoka, akakosa jibu, kwa kuwa jedwali alikuwa akiliandika peke yake. Aliporudi alimfundisha mkunga msaidizi kulisoma na kulinakili, pamoja na mwanafunzi mmoja wa shule ya kijijini. Mwaka uliofuata alipata nafasi katika programu ya humu nchini. Wiki alizokuwa mafunzoni nilipita kliniki ile, nikakuta karatasi ya mwezi mpya imebandikwa mlangoni, kwa mwandiko ambao haukuwa wake.