Kuandaa jioni za anime za wapenzi wa jinsia moja mjini Kisumu

Kwa kila anime, yaani katuni ya Kijapani, chagua sauti ya Kijapani kwanza, mengine yafuate. Mapenzi ya jinsia moja yamefutwa mara nyingi katika chumba cha kutia sauti, hata pale michoro ilipoachwa ilivyo. Katika Sailor Moon S ya 1994, Haruka na Michiru, wanawake wawili, ni wapenzi. Toleo la Kiingereza la mwaka 2000 likawafanya binamu, ingawa macho na mikono yao bado inasema yaleyale. Kabla ya hapo Zoisite wa Sailor Moon ya awali, mwanaume anayempenda Kunzite, alishapewa sauti ya kike. Kampuni ya Viz ilianza kutoa sauti mpya mwaka 2014 na kuwarudishia uhusiano wao. Kwa hiyo, kabla ya kualika mtu, fungua faili kwenye VLC: B hubadili sauti, V hubadili maandishi ya chini.

Usitegemee kuchomeka flashi kwenye televisheni. Televisheni nyingi hucheza picha lakini hazionyeshi maandishi yaliyo ndani ya faili ya MKV, na wageni hubaki na Kijapani kitupu. Tumia kompyuta na waya wa HDMI. Flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, kwa hiyo filamu ndefu yenye picha safi itakataa kunakiliwa. Iumbize upya kwa exFAT, ukihamisha kwanza vilivyomo. Chaji kompyuta hadi ijae. Stima ikipotea, mtamalizia kwenye skrini ndogo.

Sehemu moja ina dakika kama 24, hivyo tatu kwa jioni zinatosha na muda wa maongezi unabaki. Mkianza saa kumi na mbili, wanaorudi Mamboleo au Nyamasaria watapata matatu.

Kundi jipya lianze na Bloom Into You (2018), sehemu 13: tatu, tatu, tatu, kisha nne. Yuu anapendwa na msichana mwenzake, Touko, lakini haelewi kwa nini moyo wake mwenyewe umetulia tu. Hakuna anayeadhibiwa kwa kupenda, na ukimya wao una uzito. Msiongee wakati wa ukimya huo. Waambie wenzako mapema kwamba anime inakoma kabla ya hadithi kuisha. Mwisho umo kwenye manga, yaani kitabu cha katuni, yenye juzuu 8. Wasipojua hilo, watahisi wameibiwa.

Given (2019), sehemu 11, ni ya vijana wa bendi. Inahitaji tahadhari: imebeba kifo cha kijana aliyejiua. Litaje hilo wakati wa kualika, maana mlangoni ni kuchelewa. Sehemu ya 9, yenye wimbo, iangaliwe bila kusimamishwa.

Yuri!!! on Ice (2016) ina sehemu 12, na hapa kuruka majina yanayopita mwishoni mwa sehemu ni kosa kubwa. Busu la Yuri na kocha wake Victor katika sehemu ya 7 limefichwa nyuma ya mkono wa Victor, kwa hiyo wabishi watalikana. Pete za sehemu ya 10 ni ngumu kukana, na picha zinazopita na majina mwishoni mwa sehemu hiyohiyo zinabadilisha maana ya kila mlichokwisha kuona.

Neno BL (Boys' Love, hadithi za mapenzi kati ya wanaume) peke yake lisikutoshe. Kazi kadhaa za zamani huonyesha kulazimishana kana kwamba ni mapenzi. Tazama peke yako kwanza, na usiwaalike walio chini ya miaka 18.

Fanyia nyumbani. Maonyesho ya hadhara yanahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na mwaka 2017 bodi hiyo iliagiza katuni sita ziondolewe hewani kwa madai ya kuendeleza ushoga. Usimuulize mgeni yeye ni nani wala anampenda nani. Maswali yawe juu ya Yuu na Touko. Mwaliko mpe mtu mmoja mmoja, si kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, na piga picha za skrini tu, kamwe si za nyuso za waliokaa.