SOMO: Kutambua picha ya askari ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) bila kuiua

Wakuu, mnaookota hizi picha kwenye minada ya vitu vya kale huko Marekani, nimechoka kujibu swali lilelile: hii ni picha ya aina gani, na naweza kuisafisha? Naandika mara moja.

1. Nawa, jikaushe, shika kingo tu.

2. Iinamishe kwenye mwanga. Ikigeuka kioo cha kujitazamia, ni dagerotaipu: shaba iliyopakwa fedha. Wakati wa vita ilishaanza kupitwa.

3. Sogeza sumaku ndogo nyuma ya kikasha (kisanduku kidogo kinachoishikilia picha). Ikivutwa ni tintaipu, bamba la chuma. Haivunjiki, ndiyo maana askari waliituma nyumbani kwa posta.

4. Sumaku ikigoma, na ni kioo chenye weusi nyuma, ni ambrotaipu. HAPA NDIPO NILIPOHARIBU. Yangu ya kwanza ilikuwa ya kijana, mashavu yamepakwa wekundu, vifungo vimeguswa rangi ya dhahabu. Nikafungua kikasha, nikashika dawa ya madirisha. Kioo cha juu kikang'aa, nikahamia cha pili. Cha pili ndiyo picha yenyewe. Shavu na kola vilibaki kwenye kitambaa. USIFUTE. Usilowanishe. Hata mate, hapana!

5. Kumbuka imegeuka. Herufi US kwenye mkanda zinasomeka kinyume, bunduki imehama mkono. Si kwamba wote walikuwa mashoto.

Kijana_wa_Mnada: Nimeshaifuta na maji kidogo, kuna shida?
– Hatua ya 4. Nimeiandika kwa herufi kubwa.

Mama_Albamu: Na askari wenyewe walibeba picha za nyumbani?
– Swali zuri, dada. Sajini Amos Humiston aliuawa kwenye mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, bila kitambulisho, ila ambrotaipu ya wanawe watatu. Magazeti ya wakati huo hayakuweza kuchapa picha, yakaieleza kwa maneno: shati la mvulana mkubwa limeshonwa kwa kitambaa cha gauni la dada yake. Maelezo yakamfikia mkewe, akaomba nakala. Ilipofika, akawaona wanawe.

Mjukuu_KAR: Picha ya babu, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), ya 1943, ya karatasi, imegandana na kioo cha fremu. Niibandue?
– Acha kabisa, utabandua na uso. Ipige kwa simu ikiwa hapohapo kwenye kioo, kando ya dirisha, bila flashi, nawe uvae shati jeusi usijione ndani yake. Kisha, kama ukuta una unyevu, iondoe hapo na fremu yake.