Kujenga njia yako katika utafiti wa ukarabati wa DNA

Chagua jeraha kwanza, mashine baadaye. Kila jeraha la DNA lina mafundi wake, yaani vimeng'enya vinavyolikarabati. Besi (herufi moja ya DNA) iliyoharibika kikemia hung'olewa peke yake. Uvimbe unaoachwa na mionzi ya urujuanimno hukatwa pamoja na kipande cha uzi chenye nyukleotidi (vijenzi vya DNA) kama 30. Makosa ya kunakili nayo yana mfumo wake. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015, kila mmoja kwa mfumo wake. Basi ombi la uzamivu linalosema tu kwamba unapenda ukarabati wa DNA halitoshi. Taja jeraha, kimeng'enya na swali moja.

Unapotafuta msimamizi, soma makala zake za karibuni uone kama wanafunzi ndio waandishi wa kwanza, na wako wapi leo. Uliza pia kama maabara ina seli zisizo na jeni unayoichunguza, pamoja na seli hizohizo zilizorudishiwa jeni hiyo. Bila jozi hiyo hutajua kama ukarabati umezorota kwa kukosa jeni au kwa sababu seli zimedhoofika tu.

Jifunze mapema jaribio la kometi la alkali: umeme huvuta DNA iliyokatika nje ya kiini cha seli ndani ya jeli, ikaonekana kama mkia wa kometi, na mkia mkubwa ni dalili ya majeraha mengi. Paka slaidi agarosi (unga wa kutengenezea jeli) ya kawaida ya asilimia 1 na uiache ikauke kabisa, la sivyo jeli itabanduka. Changanya seli kama 10,000 na agarosi inayoyeyuka kwa joto dogo, ikiwa sentigredi 37. Jeli ikiganda, ili kuyeyusha seli na kuiacha DNA, izamishe saa moja au zaidi kwenye baridi ya sentigredi 4, ndani ya NaCl 2.5 M, EDTA 100 mM, Tris 10 mM na Triton X-100 asilimia 1, pH 10. Kisha NaOH 0.3 M na EDTA 1 mM, dakika 20 hadi 40, nyuzi zitengane. Halafu umeme dakika 20 hadi 30. Wengi huteleza hapa: husoma volti za mashine na kuzigawa kwa umbali kati ya elektrodi. Pima volti kati ya ncha mbili za jukwaa la slaidi, ugawe kwa urefu wa jukwaa, na kina cha kiowevu kiwe kilekile kila siku.

Ili uone ukarabati wenyewe, zitie seli hidrojeni peroksidi, inayojeruhi DNA, dakika 5 juu ya barafu, kwani baridi huzuia mafundi kuanza kazi. Zioshe, zirudishe kwenye sentigredi 37, uchukue sampuli dakika ya 0, 15, 30, 60 na 120. Mkia ukifupika, usifurahi kabla ya kuhesabu seli: huenda zilizojeruhiwa vibaya zimekufa na kupotea.

Mionzi ya urujuanimno ina mtego wake. Uvimbe wenyewe hauukati uzi. Kinachotoa mkia ni ule mkato wa ukarabati. Kwa hiyo seli za wagonjwa wa xeroderma pigmentosum (ugonjwa wa kurithi wa kushindwa kukarabati uvimbe huo) zisizo na XPA, protini inayohitajika kwa mkato huo, zinaweza kuonyesha mkia mdogo sana, na asiyejua akadhani hazikuumia. Ongeza kimeng'enya kinachokata penye uvimbe, kama endonuklezi V ya kirusi T4, ndipo jeraha litaonekana.

Pima seli 50 katika kila jeli kati ya jeli mbili, kisha chukua thamani ya katikati (median). Seli 100 za siku moja si marudio 100. Ni jaribio moja. Fanya matatu, siku tofauti. Mhakiki makini huanza kukagua hapo.

Baada ya uzamivu, hamia maabara yenye mbinu usiyoijua, swali lako ukibaki nalo. Mlango ukifungwa, usiliache. Sancar alikataliwa na maabara tatu, akaingia Yale kama fundi wa maabara, na huko akaendelea na jeni za ukarabati za bakteria. Kabla ya kuanza, kubaliana na mkuu wa maabara kwa maandishi: mradi upi, seli zipi na plazmidi (vipande vya DNA vya duara vya kubebea jeni) zipi utaondoka nazo.