Namna ya Kupata Mwalo wa Kushushia Boti, Mwanza na Jirani Zake

Kazi yangu ni kusafirisha boti. Fundi akimaliza kutengeneza boti ya faiba, mimi ndiye ninayeifunga kwenye trela na kumfikishia mteja hadi majini, iwe Magu au Sengerema. Swali nisilokosa kuulizwa ni moja: nishushie wapi? Ziwa Victoria tunaliona kila tukigeuka, lakini mahali ambapo trela inafika, kina kinafaa na hakuna wa kukufukuza, hapo pana kazi kupapata.

Anza na simu. Fungua ramani, weka picha za setilaiti, ufuate ukingo wa ziwa taratibu. Usihangaike na majina, kwa sababu mialo mingi, yaani sehemu za ufukweni za kushushia boti na samaki, haimo au imeandikwa kombo. Tafuta mitumbwi iliyojipanga kama meno ya kitana, mabaka ya dagaa walioanikwa, na barabara ya vumbi inayopanuka kadiri inavyokaribia maji. Barabara ikiishia kwenye geti na bustani, hapo ni hotelini au kwa mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na wapo wanaoifanya hiyo mita 60 kuwa tiketi ya kupita popote. Si tiketi. Uzio wa mtu ni uzio wa mtu.

Ukishapata sehemu mbili tatu, kabla hujawasha gari, waulize madereva wa magari ya samaki. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko ramani yoyote. Gari linalobeba sangara na barafu ni zito, na dereva wake haingii asikoweza kutoka. Mwalo unaofikiwa na gari hilo mwaka mzima, trela yako itafika. Ule unaofikiwa na bodaboda pekee achana nao, hata kama mchanga wake unang'aa. Masika udongo wa mbuga ukilowa, utalala hapo hapo hadi upate trekta.

Mwaloni Kirumba kila mtu anapajua, na ndiyo maana mimi sipapendi kwa kazi hii: watu, mikokoteni, magunia ya dagaa, hakuna pa kugeuzia trela. Kwa upande wa Ilemela nenda ukaangalie Igombe au Kayenze. Kwa Nyamagana, Luchelele. Nasema ukaangalie, maana ziwa linabadilika. Maji yalipopanda 2020, na tena 2024, fukwe nyingi zilimezwa, kwa hiyo picha ya zamani inaweza kukuonyesha mchanga ambao leo ni maji. Gugumaji nalo husukumwa na upepo: leo ghuba ni nyeupe, kesho kutwa imefunikwa.

Ukifika, usishushe kitu. Salimia kwanza, na kama ni wazee wa Kisukuma asubuhi, "mwangaluka" itakufungulia mlango kuliko fedha. Kisha ulizia ofisi ya BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Mwenyekiti au katibu atakwambia unapita wapi na ushuru ni kiasi gani. Lipa, dai risiti ya mashine. Mtu anayekuja na daftari tu mkononi, mwambie mwende wote ofisini. Na usikubali kamwe kushushiwa usiku kwenye kichochoro fulani "kisicho na usumbufu". Hiyo ni bandari bubu, na doria wakikukuta hapo hawatakuuliza kama wewe ni msafirishaji wa boti au wa magendo.

Halafu pima chini. Mwanza ni mji wa mawe, na mawe hayaishii ufukweni. Vaa mabuti marefu, shika fimbo, tembea mpaka maji yafike magotini, kushoto na kulia pia. Mabuti si ya urembo: kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna konokono, na konokono hao ndio wanaobeba kichocho. Uliza pia habari za viboko. Wenyeji wanajua wanapotokea.

Saa nzuri ni kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Alfajiri mitumbwi ya dagaa inarudi, na alasiri upepo wa ziwani huleta mawimbi yanayogonga boti kwenye trela. Mbalamwezi ikikolea, taa za dagaa hazivuti kitu, hivyo wavuvi hupumzika. Ufuko unajaa mitumbwi, lakini vijana wa kukusaidia kusukuma wapo tele.

Maegesho ya vivuko yana zege zuri linaloshawishi. Yaache, ni njia ya abiria na magari. Kisiwa cha Saanane nacho ni hifadhi ya taifa, usitie nanga pale bila kibali. Usajili na ukaguzi wa boti umalize mapema na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, na jaketi okozi ziwemo.

Wapo wanaotaka kuipeleka boti hiyo hiyo kwenye lambo la kijiji, wavue kambale. Huko BMU haikuhusu, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kwani lambo lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe na lina zamu zake. Kabla ya kuondoka ziwani, toa vipande vyote vya gugumaji kwenye propela na chini ya trela, mwaga maji yaliyobaki ndani, uanike juani. Kipande kimoja kinatosha kuliharibia kijiji lambo lake.