Kabla ya kusema "nimeibiwa": kuchagua kosa sahihi la mali

Kabla ya kufika kituo cha polisi kuomba RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), jibu swali moja: mali ilitokaje mikononi mwako? Jibu hilo ndilo linalochagua kosa. Namba za vifungu hapa ni za Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, toleo la 2022.

Ilichukuliwa bila ridhaa yako? Huo ni wizi, kifungu cha 258, ila pawe na nia ovu na mchukuaji asiwe anaamini kwa dhati kwamba ana haki nayo. Ndugu aliyeswaga ng'ombe akiamini ni wa urithi wake, shauri lake ni la madai zaidi kuliko jinai. Kitu nacho lazima kisogezwe, hata kidogo: gunia la maharage likivutwa kutoka kwenye rundo Soko la Kilombero, Arusha, wizi umetimia hata kama mtu hajafika getini. Kwa fedha, sheria ni kali zaidi. Muuza duka aliyechota mauzo "nitarudisha mwisho wa mwezi" hana utetezi. Kukusudia kuzitumia apendavyo kunatosha. Akiwa mwajiriwa, kifungu cha 271 kinafikisha kifungo miaka 10, wakati wizi wa kawaida ukomo wake ni 7.

Ulimkabidhi mwenyewe? Aliyekuonyesha ujumbe bandia wa malipo ya simu akaondoka na mzigo amejipatia mali kwa udanganyifu (301 na 302). Uliyemtuma apeleke fedha akazila, tazama wizi wa wakala (273). Aliyekopa kwa nia njema akashindwa kulipa ni mdaiwa tu. Polisi si wakusanya madeni.

Unyang'anyi wa kutumia silaha (287A) una kima cha chini cha miaka 30, hivyo maelezo yawe kamili: silaha gani, nani alitishiwa, kabla, wakati au mara baada ya kuchukua. Hati ya mashtaka isipomtaja aliyetishiwa, kesi huyumba. Kwa uvunjaji wa nyumba, kusukuma mlango uliorudishwa bila kufungwa kwa ufunguo ni kuvunja. Kupita mlango uliokuwa wazi siyo.

Kesi nyingi hufia kwenye utambuzi. Eleza alama za mali yako kabla hujaonyeshwa iliyokamatwa: mkwaruzo, namba ya chesisi ya pikipiki, IMEI (namba ya utambulisho) ya simu yenye tarakimu 15 (bonyeza *#06# leo, uiandike kando). "Ni ya kwangu, naijua" haitoshi, hasa kwa simu nyeusi zinazofanana mji mzima.