Kumlinganisha kurumbiza na tai wa msituni: anzia miguuni

Chukua darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi za mbele milimita 42), daftari na penseli. Wino hutambaa mvua ya msitu wa Kibale, Uganda, ikikukuta. Kurumbiza, ndege mdogo mwimbaji, mtafute saa 1 hadi saa 3 asubuhi, chini vichakani. Tai wetu wa msituni, yaani tai mwenye kishungi (Stephanoaetus coronatus), mngoje kuanzia saa 4, hewa ikishapata joto, hupaa juu ya msitu akipanda na kushuka huku akilia. Simama penye uwazi, mfano barabarani kwenye misitu ya Mabira au Budongo, huko huko Uganda. Ukiwa chini ya miti utamsikia tu.

Usianze na ukubwa. Angani hakuna cha kupimia, na hapo ndipo wengi hukosea. Anza na miguu. Wote wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, ila kidole cha nyuma cha kurumbiza hushika kijiti, na cha tai kina ukucha mnene unaoua kima. Fuata mdomo: wa kurumbiza ni mwembamba wa kuokotea wadudu, na wa tai umepinda kama ndoana. Kisha mabawa. Tai huyu ana mabawa mapana, mafupi kwa mwili wake, na mkia mrefu, ndiyo maana anaweza kukata kona kati ya miti. Kinda lake lina kichwa cheupe na hudhaniwa kuwa tai wa mbuga; mabawa ya yule wa mbuga ni marefu zaidi na mkia mfupi.

Uzito uandike mwisho: kurumbiza ana takriban gramu 30 hadi 40, tai jike hukaribia kilo 4. Ni kama mara mia.

Kwenye sauti uwe mwangalifu sana, kwa kuwa kurumbiza ni hodari wa kuiga ndege wengine. Usiandike "tai" kwa kusikia tu. Msubiri aonekane, au kima wapige kelele za hatari. Na kurumbiza akilalama mfululizo, usitazame juu. Adui wake ni kipanga anayejificha kwenye matawi ya kati. Kwa tai, yeye ni tonge dogo mno.

Kurumbiza hulalia mayai yake wiki mbili hivi. Tai hulalia takriban siku 50, hukuza kinda mmoja tu, na kwa kawaida huzaa mara moja kila miaka miwili. Kwa hiyo kiota chake kitazame kwa mbali, na jike akiinuka, rudi nyuma mara moja.