Kupika faji ya peremende ya Krismasi kwenye miinuko ya Uganda

Maelekezo mengi ya faji, yaani pipi laini ya sukari, maziwa na siagi, yanatoka Uingereza na Marekani, na karibu yote yanakwambia upike shira hadi nyuzi 114 za Selsiasi. Ukifanya hivyo Kampala, faji itatoka ngumu na kumeguka ovyo, kisha utailaumu sukari bure. Tatizo ni mwinuko. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 96, si 100. Shira nayo hufikia uzito unaotakiwa mapema kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo namba yako ni 110. Kabale, karibu mita 2,000, maji huchemka kwenye 93 hivi, na namba inashuka hadi 107.

Usikariri namba hizi. Kabla ya kuanza, chovya kipimajoto kwenye maji yanayotokota, bila kugusa kitako cha sufuria, usome. Tofauti kati ya ulichosoma na 100 ndiyo unayoitoa kwenye 114. Hesabu hiyo inarekebisha mwinuko pamoja na kasoro ya kipimajoto chenyewe.

Kwa trei ya sentimita 18 kwa 18, vipande 36:

- sukari, gramu 500
- maziwa freshi yasiyoenguliwa mafuta, mililita 300
- siagi, gramu 100
- asali au glukosi ya maji, kijiko kimoja cha chakula
- chumvi, robo kijiko cha chai (iache ikiwa siagi ina chumvi)
- esensi ya peremende, kijiko kimoja cha chai
- pipi ngumu za peremende, gramu 60

Sukari yetu ya Kakira au Lugazi ina rangi ya kahawia hafifu, hivyo faji itakuwa ya rangi ya krimu, haitakuwa nyeupe pe. Hilo si kosa. Cha kuangalia ni chembe zake, ambazo ni kubwa na huchelewa kuyeyuka. Siagi iwe siagi ya maziwa kweli. Majarini nyingi zina maji zaidi na mafuta yake hupenda kujitenga. Samli ya Ankole iachie eshabwe, mchuzi mweupe wa samli wa huko, maana harufu yake itaimeza peremende yote. Asali haiwekwi kwa ajili ya ladha: inazuia chembe za sukari zisishikane na kukua.

Maziwa yachemshe peke yake kwanza. Yaliyokaa tangu asubuhi yanaweza kukatika yakipata moto, na ni afadhali upoteze maziwa kuliko nusu kilo ya sukari.

Kuhusu peremende, soma chupa vizuri. Esensi ni nyepesi. Mafuta halisi ya peremende ni makali mno, na matone manne yanatosha kiasi hiki chote. Mafuta ya kuchua mwili yanayouzwa kama dawa si ya kula hata yakinukia sawasawa. Ukitaka nanaa mbichi ya sokoni Nakasero, loweka majani kiganja kimoja kwenye maziwa ya moto kwa dakika 20 kisha chuja. Harufu yake ni ya upole, kwa hiyo usiiache esensi kabisa.

Sasa moto. Tumia sufuria ya lita tatu au zaidi, yenye kitako kinene, kwa sababu shira ya maziwa huumuka na kufurika ghafla. Weka sukari, maziwa, siagi, asali na chumvi juu ya moto mdogo, ukoroge taratibu mpaka sukari iyeyuke yote. Sugua tone la shira nyuma ya kijiko kwa kidole: ukisikia mchanga, bado. Hapa ndipo wengi huharakisha. Chembe moja iliyobaki nzima huvuta wenzake baadaye, na faji yote inakuwa na mchanga. Lowesha brashi safi kwa maji ya moto ufute kingo za sufuria, uteremshe sukari iliyoganda hapo.

Ikiyeyuka, ongeza moto kiasi ichemke. Kwenye sigiri (jiko la makaa), anza na makaa yaliyokwisha kushika vizuri, kisha toa mawili matatu shira inapopanda; makaa mapya katikati ya mapishi huleta moto usiotabirika na maziwa hushika chini. Kuanzia hapa pitisha mwiko polepole kwenye kitako kila baada ya dakika chache, bila kukwangua kingo. Itachukua dakika 20 hadi 35.

Huna kipimajoto? Jaribio la maji baridi halidanganywi na mwinuko. Toa sufuria motoni kwanza, kwa sababu shira inaendelea kupanda wakati unapima. Dondoshea shira kidogo kwenye bakuli la maji baridi, uikusanye kwa vidole ndani ya maji. Ikitawanyika, rudisha motoni. Ikiwa kidonge kinachoshikana ndani ya maji, lakini ukikitoa kinalegea na kubonyea kati ya vidole, imeiva. Kikibaki duara imara, umepitiliza.

Ipua, weka sufuria juu ya waya au vipande vya mbao, na usiiguse. Usikoroge wala usiitikise, na usijaribu kuipoza kwa beseni la maji. Ikikorogwa ikiwa moto, chembe chache kubwa hujijenga. Ikipoa kwanza ndipo ikapigwa, hujijenga chembe nyingi ndogo ambazo ulimi hauzihisi. Subiri ishuke hadi nyuzi 45 hivi, yaani hadi uweze kushika kitako cha sufuria kwa kiganja bila kuungua. Mara nyingi ni kama saa moja. Wakati huo paka trei siagi na uitandike karatasi ya kuokea, maana baadaye hutapata nafasi.

Tia esensi sasa, si mapema: kwenye shira ya moto harufu yake hupotea na mvuke. Piga kwa mwiko, kwa nguvu za wastani, dakika 8 hadi 15. Mwanzoni inang'aa na kufuata mwiko kama uzi. Kisha inakuwa nzito, rangi inapauka, na mfereji unaoachwa na mwiko unabaki bila kujifunga. Mng'ao ukianza kufifia, mimina papo hapo. Ukichelewa itaganda ndani ya sufuria. Isawazishe kwa nyuma ya kijiko, na ikate baada ya saa mbili au tatu kwa kisu kilichopashwa katika maji ya moto na kukaushwa.

Ikibaki laini kama uji mzito hata kesho yake, haikuiva. Irudishe sufuriani na maziwa mililita 100, iyeyushe taratibu na uipike upya. Iliyo ngumu au yenye mchanga huokolewa kwa njia hiyohiyo. Mafuta yakitoka juu wakati wa kupiga, ongeza kijiko kimoja cha maziwa ya moto na uendelee. Kwa kawaida hurudi.

Pipi za kupamba zifunge ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) safi na nzito, uzigonge kwa mchi mpaka ziwe vipande vya ukubwa wa punje ya mchele. Zinyunyize na uzibonyeze mara tu baada ya kumimina, lakini ikiwa faji italiwa siku za mbele, tumia nusu tu. Unyevu wa karibu na Ziwa Viktoria huziyeyusha zikaacha madoa mekundu yanayonata. Nusu iliyobaki iongeze siku ya kugawa.

Hifadhi kwenye bati lenye kifuniko kinachobana, karatasi kati ya tabaka, mahali penye ubaridi, si kwenye friji ambako ikitolewa huloa. Itakaa wiki mbili. Bati hilo lisichanganywe na keki wala biskuti, la sivyo zote zitanukia peremende. Kama unaipeleka kijijini kwa basi, funga kila kipande peke yake na uiweke ndani ya mfuko unaoupakata. Kwenye buti ya basi kuna joto, na vipande vitashikana kabla hujafika.